Mifupa ya Bernhard

Jumatatu, 22 Agosti

Tumemleta nyumbani. Tangu azaliwe mwezi wa Mei, Bernhard hakuwa ameona dari nyingine isipokuwa ya hospitali ya Winnipeg, na alipoingia jikoni kwangu aliikunjia uso dari yangu. Ana haki. Ina masizi ya miaka sita.

Muuguzi amesema niandike kila siku: amenyonya kiasi gani, amepumua vipi, sindano imeingia paja lipi. Nimenunua daftari nene kwa sababu najijua. Nikianza siishii kwenye paja.

Mwili wa Bernhard hautengenezi kimeng'enya kimoja, kile kinachoufanya mfupa uwe mgumu. Bila hicho mbavu zake ni gegedu tupu na haziwezi kubeba pumzi. Sindano tatu kwa wiki zinamletea kimeng'enya kilichotengenezwa na watu mahali fulani mbali. Bibi zetu waliwaita watoto wa namna hii watoto laini, na waliwazika upesi. Sisi wa vijiji hivi tumeoana binamu kwa binamu tangu wazee wetu wahamiaji waliposhuka kwenye treni, na ugonjwa huu tumerithishana kama tunavyorithishana majina. Kaka yake naye aliitwa Bernhard. Aliishi tangu alfajiri mpaka watu walipokaa kunywa kahawa. Hapa mtoto akifa, anayefuata hulichukua jina lake. Mimi sikutaka, mume wangu Diedrich alitaka, na jina la marehemu baba yake lilikuwa hilohilo, basi nikanyamaza.

Mama mkwe alivuka ua kutoka nyumba yake ndogo akasimama mlangoni, mikono chini ya aproni. Akasema, "Ana macho ya Diedrich." Kisha akaenda zake. Hakumgusa.

Jumatano, 24 Agosti

Paja la kushoto. Alilia. Mimi sikulia, na hayo ni maendeleo.

Ijumaa, 2 Septemba

Joto la kuua. Diedrich yuko juu ya mashine ya kuvunia tangu umande ulipokauka, na vumbi la ngano limeingia mpaka kwenye mfuko wa chumvi. Hofu yangu ni umeme. Ukikatika, friji itapata joto, na dawa ikipata joto imekwisha. Nimeandika kwa kalamu nene na kubandika kwenye mlango wa friji: RAFU YA JUU NI DAWA YA BERNHARD. ISIPATE JOTO HATA KIDOGO.

Liese alikuja mchana na tikitimaji na mikate ya kukaanga. Liese ni dada wa Diedrich, ana watoto wawili wazima, na ulimi wake hauna likizo. Alisoma karatasi yangu kwa sauti kama anayesoma tangazo la mnada.

"Wifi, hii si friji tena, ni zahanati. Siagi imehamishiwa wapi?"

"Chini. Ya juu usiiguse."

"Nikiigusa?"

"Nitakuvunja mkono."

"Basi anza na wa kushoto, wa kulia naufulia."

Nilicheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini. Zamani nilimwona Liese ni kelele tu, lakini leo aliosha vyombo vyangu vyote, akamshika Bernhard kwa viganja viwili kama nilivyomwonyesha, na alipomrudisha macho yake yalikuwa mekundu. Akasingizia vumbi la ngano.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani tulikaa karibu na mlango kwa ajili ya mtungi wa oksijeni wa Bernhard. Baada ya ibada mzee Giesbrecht, mhubiri wetu, alitusimamisha nje, akitema maganda ya alizeti pembeni kwa adabu.

"Tunawaombea," akasema. "Ila zamani watoto hawa tuliwaacha wapumzike. Mungu akimnyima mtoto mifupa, ana sababu zake."

"Zamani tulilima kwa farasi pia, mjomba," Diedrich akamjibu. "Trekta lako la mwaka jana lilikuwa na sababu gani?"

Mzee alicheka, maana hana ubaya. Lakini Mama mkwe alikuwa nyuma yetu na hakucheka. Wala hakututetea.

Jumatano, 14 Septemba

Paja la kulia. Mvua. Hakuna jipya.

Ijumaa, 23 Septemba

Winnipeg, eksirei. Nataka kuandika hili polepole.

Picha ya mwezi wa Mei ilionyesha ukungu mahali palipotakiwa kuwa na mbavu. Nilikuwa nimeizoea ile picha jinsi mtu anavyozoea kaburi. Leo daktari aliweka picha mpya kando yake, akatuacha tuone wenyewe. Mistari. Myembamba, imepinda kidogo, lakini ipo, pande zote mbili. Diedrich alihesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Daktari ni mwanamke mfupi asiyependa maneno, na hata yeye alitabasamu. Oksijeni itakuwa ya usiku tu sasa.

Njiani kurudi Diedrich aliimba. Hajui kuimba.

Jumatatu, 10 Oktoba

Sikukuu ya mavuno. Watu wote wamekula kwangu, bata na viazi na supu ya matunda makavu. Bernhard alipitishwa mezani kutoka mikono hadi mikono, na alipofika kwa Mama mkwe alipita hewani mbele yake kama sahani ya chakula asichokipenda. Mama alirudisha kiti nyuma ili asiguswe.

Wageni walipoondoka nilimwambia Diedrich, "Mama yako anamtazama mtoto wangu kama mtu anayengoja."

"Anangoja nini?"

"Malizia mwenyewe."

Alikwenda kulisha nguruwe mapema kuliko kawaida.

Jumamosi, 22 Oktoba

Alizeti zimevunwa, na shamba limebaki mabua meusi mpaka upeo wa macho. Kazi imepungua, ndiyo maana Mama mkwe alipata nafasi ya kukaa jikoni kwangu kumenya viazi. Nilikuwa namkausha Bernhard baada ya kumwogesha.

"Usimshike kwapani," akasema ghafla.

"Simshiki kwapani, Mama. Nimefundishwa."

Akamenya kiazi kizima, akachukua cha pili. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba baada ya Diedrich na Liese alizaa wengine watatu, wote laini, wote waliitwa Kornelius, mmoja baada ya mwingine. Hilo nilikuwa nalijua, mawe yapo makaburini. Sikujua kwamba wa tatu aliishi wiki nzima. Watu walianza kusema huyu ni mzima. Akamwogesha. Alipomwinua kutoka majini alisikia kitu kikivunjika ndani ya mikono yake, sauti ndogo, kama ganda la yai.

"Sijabeba mtoto mchanga wa mtu tangu hapo," akasema. "Hata hawa wa Liese. Kila mtu anadhani sipendi watoto."

Na mimi nilidhani hivyo. Nimedhani miaka sita. Nilimsogezea bakuli la maji ya viazi.

Jumapili, 6 Novemba

Liese ni mjamzito. Tulijua. Ambacho hatukujua ni kilichoonekana Ijumaa kwenye kipimo cha picha: mifupa haionekani vizuri, mapaja mafupi. Naye ni laini. Atazaliwa Februari.

Alikaa mezani kwangu na koti mwilini. Liese aliyekaa kimya ni kitu cha kutisha, ni kama mashine imezimika katikati ya shamba.

"Mume wangu anasema tumwachie Mungu. Mimi sijui," akasema mwishoni. "Nitamwangalia wa kwako, wifi. Akiendelea hivi, nitakwenda kuzalia Winnipeg, wamwanzishe sindano siku ileile. Asipoendelea, nitabaki nyumbani na mkunga, nimshike mpaka iishe. Siwezi kumtesa kwa dawa isiyofaa."

"Itafaa. Umemwona."

"Ndiyo maana nasema nitamwangalia."

Basi Bernhard wangu sasa anabeba watoto wawili kwa mbavu zile nyembamba. Ningependa kukasirika, lakini kama ningekuwa yeye ningesema hayohayo.

Jumatano, 16 Novemba

Theluji imekuja kukaa. Sanduku la dawa ya mwezi mzima limefika, nimelipanga rafu ya juu. Paja la kushoto.

Jumamosi, 19 Novemba

Siku ya nguruwe. Watu walifika kuchinja kabla ya jua, ishirini au zaidi, kila mmoja na kisu chake, na pumzi zao zilisimama uani kama moshi. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba chuma kiling'ata vidole. Ndiyo baridi tunayoitaka: nyama haiozi, nzi hakuna. Baraza ya nyuma, ambayo haina moto, inageuka ghala, na kila kilichomo kwenye friji hupelekwa huko ili nafasi ibaki kwa maini na damu na soseji mbichi. Ndivyo walivyofanya mama zetu na mama zao.

Mimi nilijifungia chumbani na Bernhard, mbali na moshi na mafua ya watu. Niliwasikia tu. Liese alikuwa kwenye mashine ya kusagia, akimtukana mumewe kwa kukata vipande vikubwa: "Unamlisha nani, simba?" Wanaume walikuwa wanayeyusha mafuta kwenye sufuria kubwa la chuma. Kisha kicheko kikalipuka, nikajua mkia wa nguruwe umebandikwa mgongoni mwa mtu, utani wa kila mwaka. Baadaye Diedrich aliingia kumwona mtoto, na mkia ulikuwa wake. Hakujua. Sikumwambia. Alitoka nao kwa heshima zote.

Mchana Mama mkwe aligonga. Alikuwa na sahani ya ini la moto lililokatwa vipande vidogo, na mashavu yake yalikuwa mekundu kwa mvuke. Aliingia ndani kabisa, mpaka kitandani, akainama juu ya Bernhard, mikono ikiwa nyuma safari hii.

"Kula," akaniambia. "Na usiwe na wasiwasi na kitu chochote leo. Kila kitu nimekiangalia."

Akatabasamu. Ana pengo upande wa kushoto ambalo sikuwahi kuliona.

Jioni nilipotoka, sakafu ilikuwa imepigwa deki, soseji zimetundikwa, na friji imefutwa ndani na nje. Dawa ilikuwa rafu ya juu mahali pake. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa watu wa namna hii, ambao wanaingia nyumbani kwako wakiwa ishirini na kutoka wakiacha pasafi kuliko walivyopakuta.

Jumatatu, 21 Novemba

Paja la kulia. Ndani ya kichupa niliona chembe chache nyeupe, nyembamba, kama unga. Nikasoma karatasi ya dawa, inasema chembe chache si kitu. Nikadunga.

Ijumaa, 25 Novemba

Kushoto. Chembe tena. Amelala sana.

Jumatatu, 28 Novemba

Ananyonya nusu. Diedrich anasema ni meno. Liese anasema ni meno. Mimi nasema ni meno.

Ijumaa, 2 Desemba

Si meno. Anapovuta pumzi, kifua kinaingia ndani badala ya kutoka. Nimerudisha oksijeni mchana. Nimepiga simu, wamesema tumlete Jumatatu, au mapema akizidiwa. Nimemdunga sindano yake kwa wakati, na ninajishika kwenye sindano ile kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Jumapili, 4 Desemba

Amezidiwa. Diedrich aliendesha kwenye theluji isiyoonyesha barabara, akifuata nguzo za umeme. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimeshika kifua cha mtoto kwa vidole viwili, si kukibonyeza, kukisikiliza tu. Midomo ilikuwa ya zambarau tulipofika. Wamempeleka kwenye mashine ya kupumulia.

Jumatano, 7 Desemba

Diedrich amerudi kulisha mifugo. Niko peke yangu.

Daktari yule mfupi alinikalisha chumba chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi, nikajua. Picha mpya: mbavu zimefifia tena, na mbili zimevunjika. Lakini si hilo alilotaka kusema. Alivuta kiti.

"Damu yake haina kimeng'enya," akasema. "Mtoto anayechomwa hizi sindano damu yake hujaa. Ya kwake ni kama ya siku aliyozaliwa. Naomba unijibu bila hofu, hakuna atakayekulaumu. Je, mmeacha kumchoma? Wazee wenu wamewaambia muache?"

Nilitazama kitambaa chake kizuri cha shingoni. Niliona anavyotuona, mimi na kilemba changu cheusi na sketi yangu.

"Kanisani kwetu hatuapi," nikamwambia. "Kwetu ndiyo ni ndiyo. Nimemchoma kila Jumatatu, kila Jumatano, kila Ijumaa. Ukitaka mtazame mapaja."

Alikuwa ameshayatazama. Aliinamisha kichwa akaomba radhi. Kisha akasema kama ni hivyo, basi huenda mwili wenyewe unaikataa dawa na kuiua, hutokea, na ikiwa ni hivyo hakuna maana ya kuendelea nayo. Sindano zimesimamishwa mpaka wakae kikao Ijumaa.

Ningependelea angeendelea kunishuku.

Ijumaa, 9 Desemba

Naandika hapa kwenye ngazi za dharura kwa sababu ndipo pekee pasipo na mtu.

Liese alimleta Mama mkwe asubuhi, akabaki chini kutafuta mahali pa kuegesha gari. Mama hajaingia hospitali hii maisha yake yote. Alitembea kwenye korido akishika ukuta. Tulipofika kitandani alitazama mirija yote, mmoja mmoja, mpaka ilipoishia. Kisha akafanya ambacho sikutegemea: alitoa mkono, akaweka kidole kimoja kwenye kiganja cha Bernhard. Vidole vya mtoto vilikuwa vimelegea, havikumshika. Hakukiondoa kidole.

"Nimeomba nife mimi," akamwambia mtoto, si mimi. "Sina cha maana nilichokufanyia. Ile dawa yako tu. Siku ya nguruwe watu walikuwa wanafungua friji kila dakika, joto lote la jikoni linaingia. Nikasema hapana, hii isipate joto, mama yake ameandika. Nikaitoa mwenyewe nikaiweka barazani, pale pembeni kwenye baridi nzuri, mpaka jioni. Hakuna aliyeigusa ila mimi."

Ile baridi iliyong'ata chuma. Vichupa vya maji, kutwa nzima. Na karatasi yangu mwenyewe mlangoni, herufi kubwa, iliyoogopa joto la Agosti na kusahau kwamba Novemba ipo. Isigande: wauguzi walinifundisha, na sikuliandika.

"Ulifanya vizuri, Mama," nikasema, na nikamwambia ninakwenda msalani.

Jumamosi, 10 Desemba

Jana nilipotoka kwenye ngazi nilimwambia daktari kwamba dawa iliganda nyumbani. Hakuuliza ni nani. Akasema dawa hii ikiganda inakufa, inabaki maji ya gharama. Wamemwanzishia mpya jana ileile, kabla ya jioni. Nikamuuliza kama bado hatujachelewa. Akasema mifupa huchukua miezi na mapafu yanaihitaji wiki hii. Ni mtu mkweli. Namchukia kwa hilo na kesho nitaacha.

Jumanne, 13 Desemba

Diedrich amekuja. Bernhard ana homa isiyoshuka. Tunapokezana kiti.

Jumatano, 14 Desemba

Leo adhuhuri, mikononi mwangu, mashine ikiwa imeondolewa. Paja la kulia lilikuwa zamu yake.

Jumamosi, 17 Desemba

Ardhi imekuwa jiwe. Diedrich na wanaume walichoma matairi na majani makavu juu ya mahali pa kaburi usiku kucha ili udongo ulegee. Mahubiri ya mzee Giesbrecht yalikuwa mafupi, na kwa mara ya kwanza hakutaja sababu za Mungu. Mama mkwe alisimama karibu na Kornelius watatu. Watu walikula mikate ya mviringo na vipande vya sukari, kama desturi, na soseji. Soseji zilezile. Nilizipanga kwenye sinia mwenyewe.

Jumapili, 25 Desemba

Hakuna.

Jumanne, 27 Desemba

Liese alikuja bila kugonga, akaketi. Tumbo lake limefika mezani.

"Tumeamua," akasema. "Sitakwenda mjini. Mkunga anakubali. Nimekuja kukwambia mwenyewe usisikie kwa watu."

"Liese."

"Hapana, nisikilize. Nyie mmejaribu, na nani angeweza kujaribu kuliko nyie? Dawa haikufaa. Mapaja yake yalikuwa yamejaa madoa, wifi. Mimi siwezi."

"Dawa haikushindwa. Iliganda."

Nikaona anahesabu, maana Liese si mjinga.

"Iliganda wapi?"

Hapa nilikuwa na sekunde moja tu, na ndani yake nilisikia ganda la yai. Mwanamke yule ameshika kifo cha mtoto mmoja mikononi mwake miaka thelathini na hajakiweka chini. Nani atampa cha pili? Binti yake?

"Barazani," nikasema. "Siku ya nguruwe. Niliitoa mimi alfajiri, kabla hamjafika, kupisha nyama, nikaisahau. Nikairudisha jioni nikadhani haina neno."

"Wewe."

"Mimi."

"Kwa hiyo dawa inafanya kazi."

"Inafanya. Ulimwona Oktoba. Yule ndiye aliyekuwa Bernhard mwenye dawa."

Alilia kwa muda mrefu, akiwa ameshika tumbo na si mimi. Kisha akainuka.

"Nitakwenda mjini," akasema. Mlangoni aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana nami leo kwa mara ya kwanza. "Kila mtu alikuwa anakuambia upumzike, na wewe ulikuwa unasema hakuna anayeweza kuitunza dawa ila wewe."

Sijawahi kusema uongo wa namna hii. Ulitoka laini, bila kukwama.

Ijumaa, 30 Desemba

Diedrich amesikia kwa Liese. Aliuliza swali moja: "Kwa nini sikuambiwa na wewe?" Nikasema nilishindwa. Akatikisa kichwa taratibu, akavaa buti, akaenda zizini. Nguruwe waliobaki hawajawahi kulishwa vizuri namna hii.

Nilidhani nimepima uzito wa jambo hili kabla ya kulibeba. Sikupima upande wake.

Jumapili, 1 Januari

Kanisani wanawake walinipa mkono mmoja mmoja. Walinisamehe wote, na kila mmoja alihakikisha nimejua.

Alhamisi, 5 Januari

Upepo tangu juzi. Mchana, ambao siku hizi ni mfupi, nilimwona Mama mkwe anavuka ua, theluji ikimfika magotini. Hakuwa amekuja tangu mazishi, alikuwa na kifua. Nilimpokea koti, nikaweka chai. Hakuinywa.

"Liese anasema uliisahau dawa barazani."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ya nguruwe."

"Siku ya nguruwe."

"Siku ile hukutoka chumbani. Nilikuletea ini."

Nilisogeza sukari karibu yake. Sikuweza kupata neno jingine la uongo, lile moja lilikuwa limekula akiba yote.

"Nilisoma karatasi," akasema. "Isipate joto."

"Najua. Niliiandika vibaya."

"Nilidhani baridi zaidi ni bora zaidi."

"Mtu yeyote angedhani hivyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile kitandani. Uliposhika kiganja chake."

Aliigeuza mikono yake mezani, viganja juu, akaitazama. Sikumfariji. Mimi pia nilimzaa yule mtoto, na nilikuwa na chuki ndani yangu ambayo sikuijua mpaka nilipomwona ameketi pale, mdogo, amekwisha kuelewa. Na chini ya chuki kulikuwa na huruma, na chini yake chuki tena. Dirisha likawa la buluu, kisha jeusi. Hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikafunika bakuli la sukari.

Tulisikia buti za Diedrich zikigongwa kizingitini. Akaingia na ubaridi wake, akasimama, akatafuta swichi ya taa kwa mkono, akawasha. Aliangalia uso wa mama yake, kisha mezani, kwenye chai iliyopoa. Mimi hajanitazama usoni tangu wiki iliyopita.

"Mbona mmekaa gizani? Mama, kuna nini?"

Mzigo ule niliubeba kwa hiari yangu na nilikuwa nimejiambia sitaki shukrani. Lakini nilikuwa nangoja Mama autue. Alihitaji kusema neno moja tu, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumsikia mwanamke yule akisema jambo lisilo kweli. Alifungua mdomo. Akamtazama mwanawe, yeye pekee wa kiume aliyembakia, muda mrefu.

"Hakuna kitu," akasema Mama. "Nilikuja kuazima hamira."

Nikainuka, nikafungua friji, nikampa hamira.